Chemba Iliyonukia Sabuni Rusumo

Nilipotumwa Rusumo kuchota majitaka, mke wangu alinisindikiza hadi mlangoni akaniomba nisirudi na chochote.

Sababu yenyewe haikuwa ya kuchekesha. Fununu za kipindupindu zilikuwa zimeenea, nasi wa idara ya afya tukafunga vibanda vya chakula kwenye maegesho ya malori pale Rusumo. Vijidudu huonekana kwenye majitaka hata kabla wagonjwa hawajajitokeza. Kwa hiyo nilitakiwa kujaza chupa moja, kuiweka kwenye boksi la barafu na kuifikisha maabara Biharamulo jioni hiyohiyo. Bila chupa, vibanda vingekaa wiki nyingine vimefungwa.

Saa kumi na mbili asubuhi niliondoka Biharamulo na dereva wetu, Fadhili. Tulikunywa chai Lusahunga. Benaco tuliongeza barafu, na muuzaji akauliza kama tumebeba samaki. Fadhili akamjibu kwamba bado hatujavua.

Saa nne tulifika Rusumo. Mama Stefania, mwenye kimojawapo cha vibanda hivyo na mtunza ufunguo wa choo cha madereva, alitupokea amevaa kitenge cha kanisani.

"Karibu, bwana afya. Nilisikia unakuja, nimekuandalia."

Alifunua chemba, shimo linalopokea majitaka ya choo. Harufu ya sabuni ikanipiga usoni. Kuta zilikuwa zimesuguliwa, na maji yalikuwa meupe kiasi kwamba niliona sura yangu ikiduwaa.

"Mama, umemwaga nini humu?"

"Sabuni, na klorini chupa nne. Na tangu jana sijaruhusu mtu aingie."

"Lakini mimi nilitaka uchafu!"

"Uchafu?" Alishika kiuno. "Mwaka juzi ulisimama hapahapa ukanifokea mbele ya wateja kwa ajili ya inzi mmoja. Leo unautaka?"

Nilikumbuka. Inzi walikuwa wawili, lakini sikuona faida ya kubishana. Nilimweleza kwamba klorini imeua kila kitu, na maji hayo hayawezi kuthibitisha lolote. Uso ulimshuka. Wajukuu zake watatu walikuwa wakila kutokana na kibanda kile.

Tulisuuza chemba kwa ndoo nyingi hadi harufu ya klorini ikaisha. Kisha Mama Stefania akachukua ufunguo, akaenda kwenye foleni ya malori akipaza sauti.

"Jamani, njooni chooni! Karibuni sana!"

"Mama, jana nilikuomba ufunguo ukanikatalia," dereva mmoja alilalamika.

"Jana ilikuwa jana, baba. Ingia."

"Mimi nimeshamaliza Lusahunga," mwingine akasema.

"Basi kunywa maji haya, nimeyachemsha. Usubiri."

Saa nane mchana chemba ilitoa harufu niliyoitafuta tangu asubuhi. Mama Stefania alipiga vigelegele, nami nikajaza chupa.

Tulirudi mbio, boksi likiwa katikati ya magoti yangu. Tulifika maabara jioni, vipande viwili vya barafu vikiwa bado vinaelea.

Siku tatu baadaye majibu yalitoka: hakuna kipindupindu. Nilimpigia Mama Stefania. Kabla sijamaliza kueleza, nikasikia sufuria ikigonga jiko.

Njiani nilipokwenda tena wiki iliyofuata, niliona aibu. Miaka yote nimekuwa nikiwafokea watu, kumbe nilikuwa nawafundisha kunificha kilekile ninachopaswa kukiona.

Chemba niliikuta chafu kama inavyotakiwa. Nilimshukuru. Wakati huohuo inzi mmoja akapita mbele yetu, taratibu. Mama Stefania akanitazama. Mimi nikatazama malori.