Ekseli ya Pikapu Yetu

Juzi, mtaani Gisozi, niliona pikapu kuukuu imeegemezwa juu ya mawe, haina magurudumu ya nyuma, nikamkumbuka baba.

Nilipokuwa mtoto, alasiri moja uani kwetu, mtaa wa Kanombe, palinuka grisi na kutu. Baba na rafiki yake Saidi walilala chini ya pikapu yetu, wakafungua ekseli, ule mhimili wa magurudumu, na springi za nyuma, wakazifunga kwenye pikapu ya Saidi, kwa sababu za kwake zilikuwa zimevunjika; yetu ikabaki juu ya mawe. Mimi nilidhani tunamwazima tu.

"Baba, gari yetu itarudishiwa ekseli yake lini?"

"Nikirudi, mwanangu. Tunaenda Goma kutafuta kazi."

Mama alisimama mlangoni. Leo najua kwamba alikwisha kuelewa kuwa baba anaondoka moja kwa moja.

Baba na Saidi walipoondoka nilipanda ndani ya pikapu yetu, nikashika usukani, nikawa nasikiliza kila injini iliyopanda mlima. Nilifanya hivyo siku nyingi. Baba hakurudi. Jioni moja mama alikuja kuniita nikale, lakini hakuniita. Alifungua mlango wa upande wa pili, akaketi kando yangu, naye akasikiliza.