Kosa Lililokuwa Njiani Kwenda Wazo

Msimamizi wa kompyuta wa zahanati ya Mwananyamala hufanya kazi amevua viatu, kidole kikigonga meza kila nakala inapofika salama matawi ya Goba na Wazo, maana kinachoandikwa au kufutwa kwenye tawi moja huandikwa au kufutwa kwenye yote matatu. Mzee Awadh, aliyetunza majalada ya wagonjwa humo tangu enzi za kalamu, humtazama kwa uchungu. Zamani kosa la mtu lilibaki kwenye jalada moja. Siku hizi linasambaa kabla mwenyewe hajalijua.

Leo asubuhi kidole kilisita. Goba walikuwa wamefuta orodha nzima ya wagonjwa wanaodhuriwa na dawa, na hapa Mwananyamala nayo ilikuwa imeshatoweka. Ilibaki Wazo tu, ambako mtandao hujikongoja na kosa lilikuwa bado halijafika. Akanyakua simu, akampigia mhudumu wa Wazo.

“Bahiya, chomoa waya wa bluu wa mtandao nyuma ya mashine. Usiulize, mama, chomoa!”

“Haya, nimechomoa.”

“Majina yapo?”

“Yapo yote. Kuna nini?”

Alikuwa ameshakata na kumpigia Rabab wa Goba, aliyepokea akilia. “Dada, ni mie. Nilidhani orodha ile ni ya majaribio.”

“Najua ni wewe. Wagonjwa wako wamesalimika Wazo, nawarudisha sasa hivi. Nyamaza, shoga, usinilowanishie kompyuta.”

Awadh akakohoa. “Kwa hiyo huyo Rabab haandiki hata barua ya kujieleza?”

“Ataandika, babu,” alisema bila kugeuka. “Majina yote hayo, kwa kalamu. Na wewe ndiye utakayeyatunza.”