Mwaka Baba Alipojifunza Kupika

Mama alifariki mwezi wa pili, kabla ya watu kupanda. Wakati huo nilikuwa nafanya kazi Kitale, nimepanga chumba kimoja Matisi, na baba akabaki peke yake nyumbani kwetu Bokoli. Alikuwa amestaafu kazi ya ofisi mjini Bungoma miaka miwili nyuma. Sikuwahi kumwona akishika mwiko. Chai ikichelewa alikohoa kidogo pale sebuleni, na mama akajua.

Basi nikajitwika kazi. Kila Ijumaa jioni nilipika ndengu, kabeji, chapati na nyama, na Jumamosi asubuhi nikavifunga vyote kwenye mikebe nikampelekea. Nilijiona binti mwema sana.

Mwezi wa nne, mvua ikiwa imeshika, nilifika nikakuta kuku wanadonoa ndengu za wiki iliyopita uani. Baba alikuwa ameketi barazani, na hakujaribu kunificha.

"Chakula chako ni kizuri, mama," akaniambia. Alianza kuniita hivyo baada ya mazishi. "Lakini kikilala kinachacha. Na hata kisipochacha, ni chakula cha kwako Matisi. Hapa nje kuna mboga, mimi nazitazama tu."

Nilijisikia vibaya. Nikamwuliza anataka nimpikie mboga gani.

"Sitaki unipikie. Nionyeshe."

Nyuma ya jikoni mrenda ulikuwa umeota wenyewe, mahali mama alipozoea kukung'uta mbegu kila mwaka. Tuliuchuma pamoja, yeye akiwa na viatu vyake vya ofisi. Alichambua jani moja moja kama mtu anayekagua karatasi, hadi nikatamani kumnyang'anya ungo. Kwetu mrenda hupikwa kwa maji yaliyochujwa kwenye majivu ya maganda ya maharagwe. Ndiyo hulainisha mboga. Nilimwambia atie kidogo tu, kisha nikaenda kisimani. Niliporudi alikuwa amemimina kikombe kizima.

"Nilitaka uive haraka," akasema.

Ilikuwa kama kula sabuni. Alimeza tonge la kwanza, akatafuna la pili polepole, akanitazama. Mimi ndiye niliyeanza kucheka. Yeye akafuata, akacheka mpaka akashika mbavu, na sikuwa nimesikia kicheko hicho tangu Krismasi. Siku hiyo tulikula ugali kwa avokado na chumvi.

Baada ya hapo nilimwonyesha kitu kimoja kila Jumamosi, naye akakipika wiki nzima mpaka akakiweza. Kunde zilipochipua alipika kunde. Mwezi wa saba maharagwe yalikuwa mabichi bado kwenye maganda, na mahindi yameanza kukomaa, basi akajua kuyachemsha pamoja na kuyakaangia kitunguu na nyanya mbili, bila kitu kingine. Vitu vyote vilitoka hatua chache kutoka mlangoni. Alishangaa jinsi maharagwe mabichi yanavyoiva upesi. "Kumbe yale makavu ndiyo yalikuwa yanamchelewesha mama yako," akasema, akasukuma kuni motoni.

Dada yake baba, ambaye kwetu huitwa senge, alikuja siku moja bila taarifa. Alimkuta kaka yake amejifunga leso ya marehemu kiunoni, amepiga magoti akipuliza moto. Mimi nilikuwa nje naanika vyombo, nikamfuata. Senge alisimama mlangoni na mwavuli wake.

"Kaka, watu watasema nini? Mtoto msichana ako hapa, na wewe ndiye unashika sufulia?"

"Mimi nasikia njaa mara mbili kwa siku," baba akajibu bila kugeuka. "Wewe unakuja mara moja kwa mwezi. Na huyu ana kazi yake Kitale."

Senge alikunja mwavuli. Aliingia, akaketi kwenye kigoda, akafunua sufuria. Ilikuwa sagaa, mboga chungu ambayo mama aliipika kwa maziwa.

"Hii umetia maziwa lini?"

"Sasa hivi."

"Basi itabaki chungu. Unatia maziwa, unaacha ilale, kesho unachemsha na kutia tena. Si mkeo alikuwa anafanya hivyo?"

"Sijui," baba akasema. "Mimi nilikuwa nakuta tu imeiva."

Alisema kwa sauti ya chini, kisha akajipangusa macho kwa pindo la leso. Siku ya mazishi alikuwa amesimama getini akisalimia wageni kwa mkono, mmoja baada ya mwingine, macho makavu. Watu walimsifu kwa hilo. Senge aliinuka kwenye kigoda, akachukua mwiko kutoka mkononi mwake, akaanza kukoroga. Nilirudi kwa vyombo vyangu nikawaacha humo ndani wawili, mwiko ukigonga sufuria.

Tangu hapo senge hakumsema tena, ila alikuja kila wiki mbili kukosoa. Baba naye akaanza kwenda sokoni Misikhu mwenyewe, na kikapu, siku ya soko. Akina mama wauza mboga walimtania mwanzoni. Baadaye walimwekea mafungu mazuri chini ya meza, kwa sababu alikuwa anageuza kila jani na kurudisha lililotobolewa na wadudu.

Mwezi wa tisa nilishikwa na malaria. Nilimpigia simu kumwambia sitafika Jumamosi. Kesho yake saa nne asubuhi nilisikia hodi, na hapo mlangoni Matisi alikuwa amesimama baba na kikapu chake. Alikuwa na majani machanga ya maboga, boga lenyewe nusu, unga wa wimbi, na maziwa kwenye chupa iliyofungwa kwa gazeti. Nilitaka kuamka, akaniashiria nilale.

Aliwasha jiko kwenye ukumbi, mahali wapangaji wote walipopita. Jirani yangu alimtazama akimenya nyuzi za majani ya maboga, moja moja, kwa utaratibu wake ule.

"Mzee, nikusaidie?" akamwuliza.

"Asante, mama. Nimezoea."

Kutoka kitandani nilisikia majani yakinywea kwenye sufuria, kisha maziwa yakimiminwa taratibu. Nilikuwa sijala siku mbili. Aliniletea sahani, akaketi kwenye ukingo wa kitanda, mikono juu ya magoti, akingoja kama mtu aliyefanya mtihani. Mboga zilikuwa laini, na utamu wa boga ulikuwa umeingia kwenye mchuzi. Chumvi ilikuwa imepungua kidogo. Sikumwambia. Nilikula zote, nikapangusa sahani kwa kidole, naye akainuka kwenda kuniongezea.