Dai la Tatu la Mpwa

Miaka tisa Toktar hakuigusa kompyuta yake kwa bisibisi, wala haukuwa uvivu. Mashine ile ilikuwa ya mchezo wa watu wawili, na mmoja wao alikuwa Korea.

Toktar ni dereva wa greda la kusukuma theluji hapa mjini kwetu Karaganda, mtu wa miraba minne, mkimya kazini na mpayukaji nyumbani. Yeye na mkewe Raushan hawakujaliwa mtoto. Walijaliwa mpwa, Sanzhar, mtoto wa Kulyash, dada yake Toktar anayekaa jengo la pili. Mume wa Kulyash aliaga akienda Urusi kununua gari, na nadhani mpaka leo bado analichagua. Kwa hiyo Sanzhar alikulia kwenye kochi la mjomba wake. Wenye midomo mirefu walisema uchungu wa mwana aujuaye mzazi, huyo Toktar ni mjomba tu. Waache waseme. Kuzaa si kazi, kazi ni kulea, na kazi hiyo Toktar aliifanya.

Kwetu mpwa hamwombi mjomba wake. Humdai. Ana haki ya vitu vitatu maishani mwake, vyovyote vile, na mjomba akishadaiwa hana jibu ila neno moja: "Chukua." Mjomba anayemnyima mpwa wake, mkono wake hutetemeka mpaka siku ya kufa. Ndivyo tulivyoambiwa tangu utoto, na sijamwona mtu aliyethubutu kujaribu.

Dai la kwanza Sanzhar alilitumia akiwa na miaka saba. Aliichukua kofia ya mjomba ya manyoya ya mbweha, akaenda nayo shule imemfunika mpaka puani. La pili alilitumia ndevu zilipoanza kumchipua. Siku hiyo Toktar alirudi na kadi mpya ya picha, ile inayoifanya michezo ing'ae kwenye kioo, na kabla hajaifunga kwenye mashine, kijana akaitoa kwenye boksi na kuitia kotini.

"Wewe ni mpwa au jambazi?" Toktar akauliza.

"Mpwa, mjomba. Jambazi angekuonea huruma."

"Chukua, mbwa mwitu mkubwa wewe. Na la tatu lini? Nijue nifiche nini."

"La tatu naliweka akiba. Siku nitakayolidai utalia."

Wakacheka mpaka Raushan akaja kuona kulikoni. Ndiyo maana mashine ya Toktar ilizeeka ikiwa bado changa: ilibaki na kadi ya zamani, na kwa kadi hiyo hiyo mjomba na mpwa waliendelea kucheza mchezo wao wa vifaru vya vita, mmoja nyumba hii, mwingine nyumba ile, vipaza sauti mdomoni. Toktar alichagua kifaru kizito akakaa mbele kupokea makombora. Sanzhar alijificha nyuma yake na kifaru chepesi. Jina lake mchezoni lilikuwa Mbweha, kwa ajili ya ile kofia. "Nifunike, mjomba!" "Nimekufunika, mpwa wangu, piga!" Wanaume wa kwetu hawaambiani kwamba wanapendana. Wale wawili walikuwa na njia yao ya kuambiana, na iliwatosha.

Sanzhar akaenda Korea kupaka rangi meli. Mwanzoni walicheza hata wakiwa mbali hivyo. Kisha mchezo ukabadilishwa, ukawa mzito, na mashine ya Toktar ikaanza kukwama kama punda mlimani, mpaka siku moja ikakataa kabisa kuufungua.

"Nunua mashine mpya, mjomba," Sanzhar akamwambia kwenye simu. "Tutacheza kama zamani."

Ahadi ni deni. Toktar aliishika ahadi hiyo kwa mikono miwili, hata ilipochelewa. Kwanza yalikuja meno ya Raushan, halafu bomba likapasuka jikoni. Katika kuchelewa huko simu za Sanzhar zikapungua. Toktar hakuona ajabu. Alijiambia kijana anachoka, na kwamba bila mchezo hawana la kuzungumza. Mashine ikipatikana, mdomo utafunguka. Aliamini hivyo kabisa, maskini.

Majira ya baridi yaliyopita akaingia duka la kompyuta karibu na soko, amekumbatia ubao mama wa zamani, ule unaobeba vipande vyote vya kompyuta, uliofungwa kwenye taulo. Muuzaji alikuwa binti mmoja, Inkar, mwenye bisibisi nyuma ya sikio.

"Nataka kama huu, ila wenye nguvu zaidi," Toktar akasema, akaufunua.

Inkar akautazama, akaurudishia taulo taratibu. "Mzee wangu, huu upe pole zangu."

"Usinicheke, binti. Nipe prosesa mpya, mengine ninayo."

"Prosesa mpya haikai kwenye ubao huu. Na ubao mpya utazikataa memori zako."

"Basi na memori."

"Kadi ya picha nayo ni ndefu siku hizi, haitaingia kwenye kasha lako. Na kiboksi chako cha umeme hakitaiweza."

"Kwa hiyo kinachobaki ni nini?"

"Kioo, kama hakijapasuka. Na wewe mwenyewe."

Toktar akacheka kwa sauti. Alikuwa na furaha siku ile, na hilo ndilo linaloniuma ninapolisimulia. Akavua glavu, akaketi kwenye kiti cha wateja, wakaanza kuchagua kimoja kimoja. Akauliza kila feni inapiga kelele kiasi gani, maana hakutaka imzuie kumsikia mtu. Akachagua kipaza sauti kabla hajachagua prosesa. Walipofika kwenye kadi ya picha, Inkar akaweka mbili mezani.

"Unacheza mchezo gani?"

"Vifaru. Na mpwa wangu."

"Basi hii ndogo inatosha na kubaki. Hii kubwa ni kutupa pesa."

"Na akija na mchezo mwingine mzito? Nimwambie mjomba wake alibana?" Akazipiga picha zote mbili, akamtumia Sanzhar pamoja na ujumbe wa sauti: "Mpwa wangu, mbwa mwitu, niko dukani! Chagua wewe, ipi kati ya hizi?"

Nikwambie zamani ilivyokuwa. Zamani Sanzhar aliweza kumfokea mjomba wake saa nzima kwa ajili ya feni moja. Angeuliza mtengenezaji, angetukana rangi, angesema mjomba anaibiwa mchana kweupe. Sasa jibu likaja, Toktar akalifungulia sauti pale pale kaunta.

"Yoyote tu, mjomba. Chukua yoyote."

Inkar akaanza kupanga skrubu ambazo zilikuwa zimepangwa tayari.

"Amesema yoyote," Toktar akasema.

"Nimesikia."

"Huwa hasemi hivyo. Atakuwa kazini."

"Atakuwa kazini, mzee wangu," Inkar akasema. Hakujaribu tena kumuuzia ile ndogo wala kumkataza ile kubwa. Toktar akaichukua kubwa.

Jumapili asubuhi akatandika kitambaa kwenye meza ya chakula, akaanza kuunganisha. Raushan alimmulikia kwa tochi na kumkejeli. Kasha lilikuwa la kioo upande mmoja, lenye taa za rangi ndani.

"Bwana wee, hii ni mashine au ukumbi wa harusi?"

"Shika tochi, mwanamke."

Akamaliza, akawasha. Feni zikazunguka, taa zikawaka, kioo kikabaki cheusi. Toktar akabadilika rangi. Akachomoa memori, akachomeka. Akaapa kwamba binti yule amemuuzia kadi mbovu. Raushan akainama nyuma ya kasha.

"Waya wa kioo umeuchomeka juu huku. Kadi yako si iko chini?"

Mazoea yana taabu. Mashine yake ya zamani ilikuwa na tundu juu, na mkono ulikwenda wenyewe mahali ulipopazoea. Akauhamisha, picha ikatokea, na Raushan akatamba nalo mpaka chai ikaiva.

Kulyash akaja mchana. Kwetu hakuna anayekuja mikono mitupu kuona kitu kipya. Hutolewa zawadi, nayo huitwa baigazi. Alileta soksi za sufu na sahani ya baursak za moto, maandazi yetu madogo.

"Baigazi hiyo, mdogo wangu! Udumu nayo." Akazitazama taa za rangi kwa heshima, kama mtu aliyeingia ofisi ya mkubwa. Kisha akasogea karibu. "Sasa utaongea naye?"

"Leo hii, dada. Si alisema tutacheza?"

"Mimi nikimpigia, kila mara mikono yake ina rangi. Lakini na wewe mchezoni huwa anafunguka. Muulize atarudi lini. Usimbane. Muulize tu." Akajifunga kitambaa chake upya. "Nakwenda nyumbani, msije mkaona haya kwa ajili yangu. Ukimaliza njoo, nitakuwa na chai."

Toktar akavaa vipokea sauti, akafungua mchezo. Ulifunguka mara moja, laini kama siagi. Na kwenye orodha ya marafiki, mahali palipokuwa na kivuli tangu zamani, jina la Mbweha lilikuwa na taa ya kijani. Yuko! Toktar akamwita kikosini kabla hajavuta pumzi. Mbweha akaingia.

"Mpwa wangu! Mbwa mwitu! Leo kaa mbele wewe, mimi nimechoka kupigwa!"

Ikasikika sauti ya mtu anayetafuna mbegu za alizeti.

"Nani wewe?"

"Nani? Mjomba wako!"

"Kaka, mimi sina mjomba," ile sauti ikasema, sauti ya mtu mzima, bila ubaya. "Jina hili nimelinunua. Vifaru vyake vyote, kila kitu. Aliniuzia kijana mmoja aliyeko Korea, tangu vuli, kabla ya theluji." Maganda yakatemwa. "Samahani, kaka. Tucheze hata hivyo?"

Toktar akavua vipokea sauti, akavilaza mezani kwa uangalifu. Vuli. Dukani alikwenda majira ya baridi, jina likiwa limeshauzwa. Moyo ulimvunjika hapo hapo kwenye kiti, mbele ya mashine iliyojaa taa. Akachukua simu, akampigia Sanzhar, na Sanzhar akapokea.

"Umeuza jina," Toktar akasema.

 Nyuma ya Sanzhar mtoto mchanga alikuwa akilia, na mwanamke akimbembeleza kwa Kikorea. Toktar akasikiliza kilio kile mpaka akaelewa.

"Wako?"

"Wangu, mjomba. Wa kiume."

"Ehee! Na unatuficha? Mlete, ng'ombe wewe! Mlete pamoja na mama yake!"

"Karatasi zangu zilikwisha zamani. Nikitoka hapa hawataniruhusu kuingia tena, na mama wa mtoto hawezi kuja, ana wazazi wagonjwa. Nikirudi nimempoteza. Mimi baba yangu alikwenda kununua gari, mjomba. Unajua."

Toktar alijua. Yeye ndiye aliyekaa na mtoto yule dirishani akihesabu magari.

"Ungeniambia," akasema. "Mimi ninanunua feni, mimi ninachagua kipaza sauti, na wewe unasema yoyote."

"Sikuweza. Ulikuwa na furaha." Sauti ya Sanzhar ikaanza kukatika. "Mjomba, nadai la tatu."

"Usidai. Nakuomba, mpwa wangu. Liweke."

"Nalidai. Niruhusu nisirudi. Na mama umwambie wewe. Nikimsikia analia nitapanda ndege, najijua. Umwambie wewe, mjomba. Nifunike."

Raushan alikuwa amesimama mlangoni na kitambaa cha vyombo mkononi, anasikia yote. Toktar alimtazama kama anayeomba msaada. Mtu anaweza kutoa kofia. Anaweza kutoa kadi siku ile ile aliyoinunua. Huyu alidaiwa mtoto pekee aliyepata kuwa naye, na aliyedai ni mtoto mwenyewe.

"Chukua," Toktar akasema.

Akazima mashine, akavaa koti, akavuka theluji mpaka jengo la pili. Kulyash alikuwa ameshatandika meza: maziwa, siagi, mabakuli mawili ya chai.

"Mmecheza?"

"Keti, dada."

"Nimeketi. Nani alishinda?"

"Una mjukuu. Wa kiume." Uso wa Kulyash ukang'aa, na Toktar akaharakisha kabla haujang'aa zaidi. "Sanzhar amenidai la tatu. Ameomba asirudi. Akitoka kule, mtoto hamwoni tena."

Kulyash akabaki ameishika birika. Hakulia. Aliiweka chini, akapangusa mahali ambapo hapakuwa na maji.

"Na wewe ukampa."

"Nikampa."

"Mwanangu. Ukampa bila kuniuliza."

"Ningefanyaje, dada? Ni mpwa. Ningemnyima, mkono wangu ungetetemeka mpaka kaburini."

Kulyash akamsukumia bakuli la chai, maana mgeni ni mgeni hata akileta msiba. Toktar akalipokea kwa mikono miwili, na chai ikamwagika kitambaani, ikamwagika tena, mpaka dada yake akaishika mikono ile kwa yake, na bado haikutulia.