Nahodha Aliyesema Panda

Nahodha wa timu ya Nyigu alijua kwamba amezeeka siku alipoamkiwa shikamoo kazini.

Alikuwa na miaka ishirini na saba. Katika kazi nyingine mtu wa umri huo bado hutumwa kununua vocha. Lakini yeye kazi yake ilikuwa kucheza mchezo wa kompyuta kwa mshahara, na katika kazi hiyo vidole hustaafu kabla mwenyewe hajaota ndevu za maana. Wenzake walimwita Babu tangu msimu uliopita, naye alicheka pamoja nao, maana utani ni utani. Shikamoo si utani. Shikamoo ni hukumu.

"Shikamoo," alisema binti aliyesimama mlangoni, begi mgongoni na kipanya chake mwenyewe mkononi, waya umeviringishwa vizuri kama mkufu wa dhahabu.

Nahodha aligeuka kuona ni nani anayeamkiwa nyuma yake. Nyuma yake palikuwa na ukuta.

"Marahaba," akajibu, na sauti ikamtoka nzito bila kukusudia.

Binti huyo alikuwa usajili mpya. Alitoka timu ya daraja la pili, na huko walimpa jina la Sindano kwa sababu alipolenga ndipo alipochoma. Alikuwa na miaka kumi na tisa na hakuwa na maneno mengi. Nahodha alimtazama vidole, kama watu wanavyomtazama ng'ombe meno, na alichokiona hakikumfurahisha.

Mambo yalifikaje huko? Yalifikishwa na Bosi. Bosi alikuwa muuza magodoro. Timu iliishi na kufanya mazoezi ghorofani, juu ya duka lake, na kila aliyekaa kule alinuka sponji mpya hata akioga mara mbili. Kifuani mwa jezi zao kulichorwa godoro, jambo lililowapa mashabiki wa timu nyingine kazi nyepesi sana. Nyigu walipoingia ukumbini, watu walikoroma. Bosi hakuujua mchezo, ila magodoro aliyajua, na aliiongoza timu kwa elimu aliyokuwa nayo. Godoro, alipenda kusema, likilaliwa upande mmoja tu linabonyea. Lazima ligeuzwe.

Basi katikati ya msimu, Nyigu walipokuwa wanafungwa na kila aliyepita njia, Bosi akaigeuza timu. Kwanza alimwachia mchezaji mmoja aliyeitwa Kimya aende kwa wapinzani wao, Chatu. Kosa la Kimya lilikuwa jina lake. Kwa muda wote aliokaa ghorofani alisema "ndiyo" mara chache, na siku moja, jiko lilipoanza kuwaka, alisema "moto". Nafasi yake alipewa Mpwa, ambaye sifa yake kuu ilikuwa mama yake, dada wa Bosi. Kisha akaletwa Sindano. Kwa hesabu ya Bosi, wachezaji sasa walikuwa sita na viti vilikuwa vitano.

"Msimu ukiisha," Bosi aliwaambia, "mmoja kati ya Nahodha na huyu binti atateremka hizo ngazi na begi lake."

Hakuna aliyeuliza kwa nini si Mpwa. Watu walikuwa na akili zao.

Nahodha hakulala vizuri tangu siku hiyo, na hilo, kwa mtu anayekaa juu ya duka la magodoro, ni aibu ya pekee. Kile kiti ndicho kilichokuwa maisha yake. Kwa ajili yake aliacha chuo cha uhasibu akiwa mwaka wa mwisho. Kwa ajili yake aliachwa na mchumba, ambaye alisema hawezi kuolewa na mtu anayekufa mara arobaini kwa siku. Mama yake aliwaambia majirani kwamba mwanawe yuko kwenye kompyuta, na majirani, kwa heshima zote, wakaanza kumletea pasi zilizoharibika. Hakuwahi kumkatalia mtu. Lakini hakuwa na ufundi wowote wa pasi. Ufundi wake ulikuwa mmoja: kusema.

Maana mchezo wenyewe uko hivi. Watu watano wanapambana na watu watano kwa bunduki za kwenye kioo. Upande mmoja unabeba bomu na kutafuta kuliweka kwenye ghala mojawapo kati ya mawili; upande wa pili unazuia. Mambo huenda mbio, hakuna nafasi ya kueleza, na kwa hiyo kila timu ina lugha yake. Lugha ya Nyigu aliitunga Nahodha. Ghala la kushoto aliliita jikoni. La kulia aliliita kwa shangazi, kwa sababu aliyekwenda huko hakurudi mapema. Kuliweka bomu aliita kuzika. Na alipotoa amri aliitoa kwa sauti iliyopenya hedifoni, kuta na wakati mwingine sakafu, hata wateja waliokuwa wakijaribu magodoro chini walisikia mtu akipiga kelele, "Mzike kwa shangazi!" na wengine waliondoka bila kununua.

Sindano alijifunza lugha hiyo yote kwa wiki moja. Kila mtu alimfundisha kitu. Neno moja tu halikukumbukwa na mtu, kwa kuwa lilikuwa Kiswahili cha kawaida, na nani atakaa chini kumfundisha mwenzake Kiswahili cha kawaida? Neno hilo lilikuwa panda.

Mechi ya mwisho ya msimu ilikuwa dhidi ya Chatu, na atakayefungwa anashuka daraja. Ilichezewa ukumbi wa chuo, jukwaani, meza mbili zikitenganishwa na kitambaa chenye tangazo la maji ya chupa. Nahodha alipanga kucheza na wenzake wa zamani pamoja na Mpwa, na kumwacha Sindano akae pembeni, kwa sababu za kiufundi ambazo hakuzitaja. Lakini asubuhi hiyo Mpwa alishikwa na tumbo.

"Ni chakula," alisema Mpwa kutoka chooni.

"Sote tumekula chakula hicho hicho," alisema kocha, mwalimu mstaafu wa mpira wa wavu.

"Basi ni mimi," alisema Mpwa, na huo ndio ukweli mkubwa kuliko wote aliowahi kuutoa.

Sindano akakaa kitini.

Mechi ilivutana mpaka ikafika raundi ya kuamua. Wakabaki Sindano, aliyebeba bomu, na Nahodha, dhidi ya Chatu watatu. Sindano alikuwa jikoni, chini ya ngazi ya chuma inayokwenda paani. Nahodha aliona mpango wote kichwani, mzuri kama ramani: binti akwee ngazi, avuke kwa juu, ashukie kwa shangazi, azike huko. Akavuta pumzi.

"Panda!" alinguruma. "Panda haraka!"

Upande wa pili wa kitambaa, Kimya aliinua kichwa. Sauti ile aliifahamu. Ilimpigia kelele sikioni kwa misimu miwili. Neno lile pia alilifahamu. Na Kimya, ambaye hakuwahi kusema, siku hiyo alisema.

"Wanakuja juu! Wote paani!"

Chatu watatu wakaparamia paa na kuelekeza bunduki kwenye mdomo wa ngazi.

Lakini kwa timu aliyotoka Sindano, neno la kuliweka bomu halikuwa kuzika. Lilikuwa kupanda, kama mtu anavyopanda mahindi. Alisikia "panda", akaona amesimama ghalani mahali halali kabisa, akapiga magoti.

"Panda, wewe! Panda!" Nahodha alilia.

"Si napanda!" alijibu Sindano kwa hasira, na kweli alikuwa anapanda.

Nahodha aliduwaa kidogo. Kwa mtu wa miaka kumi na tisa, kuduwaa kidogo si kitu. Kwa vidole vyake kulitosha. Chatu mmoja alimwona kutoka paani akamwangusha. Wenzake wawili waliendelea kuilinda ngazi ambayo hakuna aliyeikwea, mpaka king'ora cha bomu kilipowaamsha. Walikimbilia chini. Walikuwa katikati ya ngazi liliporipuka.

Mtangazaji alisimama juu ya kiti chake. "Amewaita juu, akawazika chini! Jamani, huyu nahodha si mtu, huyu ni chuo kikuu!"

Ukumbi mzima ulisimama. Hakuna aliyekoroma.

Siku zilizofuata zilikuwa tamu kwa kiasi kinachotia mashaka. Kocha alimshika mkono akauacha akiwa na machozi. Jirani aliyeleta pasi alikuja kuichukua, akasema sasa anaelewa kwa nini haijapona, mtu wa mipango mikubwa kama ile hawezi kuhangaika na waya. Nahodha aliitikia kila pongezi kwa kuinamisha kichwa, na watu wakasema, tazama, hata majivuno hana.

Kisha Bosi akamwita yeye na Sindano dukani.

Bosi alikuwa amekaa juu ya godoro la maonyesho ambalo nailoni yake ililalamika kila alipojisogeza. Kumzunguka, magodoro yalirundikwa mpaka karibu na dari.

"Nimeamua," alisema. "Nahodha anabaki. Binti, una vidole, sikatai. Lakini vidole vya kutii amri nitavipata hata sokoni. Kichwa cha kutoa amri kama ile ni kimoja."

Nahodha alisubiri furaha ije. Ilikuja, ikachungulia, ikasimama mlangoni.

"Sawa, Bosi," alisema Sindano. "Mimi nilifanya alichosema tu."

Na alikuwa anamaanisha. Hakujua. Katika dunia nzima, mtu mmoja tu alijua, na mtu huyo angefunga mdomo wake, mambo yangeisha pale pale. Lakini kufunga mdomo hakukuwa fani yake.

"Hakufanya nilichosema," alisema Nahodha.

"Unasemaje?"

"Nilimwambia apande. Hakupanda."

"Hakupanda vipi?" Bosi alishangaa. "Si alilipanda lile bomu, likaripuka, nami nikaona kwa macho yangu haya?"

"Alipanda, ndiyo. Ila mimi nilitaka apande."

"Akapanda."

"Alipanda, lakini hakupanda!"

Bosi alimtazama kama anavyomtazama mteja anayetaka godoro gumu ambalo ni laini. "Kijana wangu," aliuliza kwa upole, "umekunywa chai leo?"

Hapo Nahodha aliona maneno yamemwishia, jambo ambalo halikuwahi kumtokea. Akavua viatu, akashika nailoni, akaanza kukwea rundo la magodoro. Rundo liliyumba. Aliendelea. Alipofika juu kichwa chake kiligusa dari, akageuka kwa magoti.

"Hii," alisema akihema, "ndiyo panda! Panda ngazi! Ndiyo niliyomwamuru. Aliyoifanya yeye ni panda ya mahindi!"

Sindano aliweka mkono mdomoni.

"Mungu wangu," alisema. "Ndiyo maana ulikuwa unalia."

Bosi alifikiri kwa muda mrefu, na nailoni ikafikiri pamoja naye. "Na angekusikiliza wewe?"

"Tungekufa wote. Kimya alinisikia. Walikuwa wanamngoja huko juu."

"Tungeshuka daraja."

"Tungeshuka."

"Kwa hiyo mtangazaji, chuo kikuu, kocha kulia..."

"Ndiyo, Bosi."

Bosi alisugua magoti yake. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu wa bidhaa. "Basi uamuzi ni ule ule," alisema, "ila majina yabadilishane. Anabaki aliyepanda."

"Yupi?" aliuliza Nahodha kutoka juu. "Sasa tumepanda wote."

"Huyu wa mahindi."

Basi ikawa hivyo. Nahodha alikaa kule juu, magoti kifuani, akavitazama vidole vyake. Vilikuwa vidole vya kawaida. Alitegemea kusikia uchungu mkali, na uchungu ulikuwepo, lakini chini yake kulikuwa na kitu kingine cha aibu zaidi, kilichofanana na usingizi.

"Usininunie," Bosi alisema akiangalia dari. "Sauti yako bado naitaka. Kesho uje usimame nyuma yao uwasemeshe, ila kwanza mkubaliane Kiswahili. Kiti huna tena. Mdomo unao."

Nahodha aling'ang'ania kule kule juu.

"Kaka," Sindano aliita. "Shuka."

Dada muuzaji alichungulia kutoka nyuma ya kaunta, mikono imejaa mashuka yaliyokunjwa. "Ya futi ngapi?" aliuliza.

Sindano alicheka kwanza. Kisha Bosi, mpaka nailoni ikapiga filimbi. Nahodha alijizuia kadiri alivyoweza, lakini rundo lilianza kutikisika chini yake, na alipoteremka alikuwa anajifuta macho kwa mkono wa jezi, na hakuna aliyeuliza ni machozi ya aina gani.

Walipanda ngazi pamoja kwenda ghorofani. Kwenye chumba cha mazoezi viti vitano vilikuwa vimepangwa mbele ya vioo vilivyozimwa. Nahodha aliviringisha waya wa kipanya chake polepole, akakitia mfukoni, kisha akakisogeza kiti chake kumwelekea binti.

"Mguu wa kushoto una kasoro," alisema. "Ukiegemea sana utaanguka."

"Najua," alisema Sindano. "Huwa nakikalia ukienda chooni."