Mifuko Kifuani mwa Mdogo Wangu

Mimi ni fundi cherehani hapa Rumonge, Burundi, na tangu turudi kutoka ukimbizini Tanzania, nguo zote za mdogo wangu nimezishona mimi. Mwaka mmoja alisafiri kwenda Dar es Salaam, akisema anafuata vitenge vya biashara. Aliporudi alikaa miezi amejifunika kanga mabegani hata jua likiwaka. Siku alipokuja kupimwa gauni la kwaya, nilimzungushia futi ya kupimia kifuani nikadhani imejikunja, maana kipimo kilikuwa kimezidi mno. Nikapima tena. Mkono wangu ukagusa titi la kushoto. Lilikuwa gumu kama muhogo mbichi.

"Dada, usinishike hapo," alisema. "Iko inaniuma sana."

Nilifunga mlango. Akafungua vifungo mwenyewe. Chini ya kila titi palikuwa na kovu, na la kushoto lilikuwa limevutwa juu, ngozi imevimba, inachemka kwa joto, na kwenye kovu panatoka usaha. Akaniambia amewekewa mifuko ya silikoni ili kifua kiwe kikubwa. Nilipouliza pesa alitoa wapi, alisema ameuza michikichi ya Minago, shamba aliloachiwa na mama. Nikakaa juu ya vitambaa vya watu.

Kesho yake tulipanda basi kwenda hospitali Bujumbura. Daktari, mama wa makamo, alimpima, akatueleza kwa Kirundi kwamba mwili umejenga kovu gumu kuzunguka mfuko, na ndani umeingia uchafu, kwa hiyo lazima mfuko utolewe siku ileile. Kisha akasema hata ule wa kulia, uliokuwa mzima, si wa maisha. Unaweza kupasuka au kukakamaa, na wanawake wengi hurudi kupasuliwa tena na kulipa tena. Mdogo wangu alimtazama kama mtu aliyesikia habari za msiba. Alisema kule Dar es Salaam walimpa karatasi za Kiingereza, naye akatia saini bila kuzielewa. Akaomba yote miwili itolewe.

Jioni nilikaa kando ya kitanda chake. Hasira ilikuwa imenijaa. Nilitaka jina la mwanamume aliyemtia wazo lile kichwani, nimfuate kwake. Nilimwuliza ni nani.

"Ni wewe, Dada. Ile harusi ya binamu, ulinijazia sponji kwenye gauni. Ukawaambia wateja wako nina kifua cha kijana wa kiume. Wakacheka wote."

Sikukumbuka. Nimejaribu sana, na mpaka leo sikumbuki neno hilo likitoka kinywani mwangu. Gauni nalikumbuka, hata rangi ya uzi.

Niliuza cherehani yangu ya kudarizi tukalipa hospitali. Kifua chake kilipona, lakini hakikurudi kama zamani. Ngozi imelegea na upande mmoja umebonyea. Baadaye aliolewa, na sasa ana mtoto. Mtoto ananyonya titi la kulia tu, maana la kushoto linatoa matone machache tu.

Juzi mteja mmoja alimwuliza mbona mtoto hahamishwi upande. Nilimjibu mimi, kabla mdogo wangu hajafungua kinywa, kwamba ndivyo mtoto anavyopenda.