Mama Alivyonifundisha Kutazama Filamu

Mama yangu alikaa kwangu Kaaga kwa miaka miwili akiwa haoni vizuri. Halikuwa giza kamili. Alisema ni kama kutazama kupitia mvuke wa sufuria: anajua mlango uko wapi, anajua mtu amepita, lakini hajui ni nani mpaka azungumze. Daktari alikuwa ameshamwambia kwamba ni mtoto wa jicho na kwamba anaweza kutolewa, naye akakataa. Jirani yake kijijini kwao Muthara alipasuliwa jicho akarudi nyumbani vile vile alivyokwenda, kwa hiyo mama akaamua kwamba ukungu aliouzoea unamtosha. Nikamchukua, nikampa chumba kinachopakana na sebule, na kila jioni nilipomaliza kusahihisha madaftari ya wanafunzi nilikaa naye mbele ya televisheni.

Mimi nimependa filamu tangu nikiwa shule ya msingi. Shangazi yangu alikuwa amepanga chumba mtaa wa Majengo, na hatua chache kutoka kwake palikuwa na chumba cha video. Mwanamume mmoja alisimama kando ya skrini na maikrofoni akitutafsiria filamu za mapigano kutoka Asia, ingawa lugha yao alikuwa haijui hata kidogo. Alitunga tu, nasi tulimwamini. Tangu wakati huo nimetazama nyingi, na maoni yangu siyafichi. Sipendi tamthilia ambazo kila mtu anaishi kwenye nyumba yenye ngazi za vioo na hakuna anayeonekana akienda kazini. Sipendi filamu za vita ambazo mtu mmoja anamaliza kikosi kizima na shati lake linabaki limepigwa pasi. Filamu za mapenzi nazivumilia mpaka mvua inaponyesha na wawili wanaanza kukimbizana ndani yake, maana hapa kwetu mtu akinyeshewa anatafuta paa. Nilikuwa nimejihesabu kuwa mtazamaji mzuri.

Mama hajui Kiingereza, na Kiswahili chake ni cha sokoni. Kwa hiyo nilimtafsiria kwa Kimeru. Tuliyoifuata zaidi ilikuwa tamthilia ya saa moja na nusu jioni, ya msichana aliyerithi shamba la kahawa la babu yake na mama wa kambo aliyetaka kumfukuza. Nilitafsiri kwa bidii, na mahali ambapo mwandishi alilegea, nilimsaidia kidogo.

Jioni moja kijana wa kwenye tamthilia alipiga magoti mbele ya yule msichana, muziki ukapanda.

"Amesema nini?" mama akauliza.

"Amesema anampenda kuliko maisha yake."

Mama alikuwa amefunga macho, kikombe cha uji mikononi. "Huyo hampendi mtu. Anasoma."

"Anasoma nini, mama?"

"Anasoma maneno aliyoandikiwa. Bado hajayasikia mwenyewe."

Nilicheka. Lakini marudio ya Jumamosi mchana yalipofika, nilimtazama kijana yule kwa makini. Macho yake yalikuwa hayako kwa msichana. Yalikuwa pembeni kidogo ya sikio lake, yakingoja zamu yake ya kusema. Mimi mwenye macho mawili mazima nilikuwa nimemwangalia kijana huyo kwa miezi mitatu bila kugundua.

Kuanzia hapo nilianza kumuuliza maoni yake, na hakumung'unya maneno. Baba wa msichana, ambaye magazeti yalimsifu sana, mama alisema ana sauti ya mtu anayehubiri na anayejipenda anapohubiri. Mama wa kambo, ambaye mimi nilimwona amezidisha, mama alisema ndiye pekee anayeijua kazi.

"Akisema pole pole, mgongo wangu unasisimka," aliniambia. "Mtu mbaya wa kweli hapigi kelele. Anakuuliza kama umekula."

Kisha akanigeukia mimi. "Na wewe unaniongezea."

"Naongeza nini?"

"Msichana amesema maneno matatu, wewe umeniletea kumi. Niletee matatu yake."

Niliona haya kama mwanafunzi aliyeshikwa akinakili kazi ya mwenzake. Nilianza kumletea maneno yenyewe, bila chumvi yangu, na hapo nikajifunza jambo lingine. Kuna tamthilia ambazo ukizitafsiri zilivyo hazibaki na kitu. Watu wanaambizana wanayoyajua tayari, wanarudia, wanaenda kwenye tangazo. Na kuna nyingine, chache mno, ambazo mtu anaomba chumvi mezani na wewe uliyekaa sebuleni Kaaga unaelewa kwamba ndoa yake imekwisha.

Katika mwaka wa pili, mwalimu mwenzangu anayetoka nyanda kame za Embu, upande wa Mbeere, aliniletea filamu kwenye flashi. Ilitengenezwa na vijana wa kwao, kwa Kimbeere, bila nyota hata mmoja. Niliiweka Jumapili alasiri baada ya kanisa. Ilikuwa hadithi ya mzee ambaye ng'ombe wake amepotea wakati wa kiangazi, naye anaenda kumtafuta. Basi. Baada ya dakika chache mzee alikuwa bado anatembea, hakuna aliyesema neno, nami nikachukua rimoti.

"Mama, hii haina maneno. Niweke nyingine?"

"Acha. Nasikia."

Nilikaa. Mama alikuwa ameinama mbele, viwiko juu ya magoti.

"Sasa ametoka kwenye mawe," akasema. "Yuko kwenye mchanga. Ni mto uliokauka."

Nikatazama skrini. Mzee alikuwa katikati ya mto mkavu, mchanga mweupe pande zote.

"Ana fimbo, lakini haitumii kutembea. Anaiburuta. Amechoka lakini hataki kujiambia."

Fimbo ilikuwa inaburutwa nyuma yake, ikiacha mstari mrefu mchangani. Niliiweka rimoti chini polepole, nisije nikaharibu.

"Ameshika pumzi," mama akasema kwa sauti ya chini. "Amemsikia."

Mimi nilikuwa sijasikia chochote. Zilipita sekunde kama kumi, kisha kengele ikalia mara moja, mbali sana, nyuma ya vichaka.

Mzee alimkuta ng'ombe amelala chini ya mti wa miiba, mbavu zikihesabika. Alikaa chini kando yake, akaweka mkono shingoni mwake, na ndipo akasema maneno mawili pekee ya filamu nzima, ambayo hata mama aliyaelewa kwa sababu Kimbeere na Kimeru havijaachana mbali. Alisema, "Tupumzike kwanza." Picha ikazimika.

"Ng'ombe anakufa?" mama akauliza.

"Hawajaonyesha."

"Vizuri. Wasionyeshe."

Nilizima televisheni. Nje jirani alikuwa anapasua kuni, na kila pigo nililisikia kama sijawahi kusikia shoka maishani. Halafu mama akasema, kama mtu anayeagiza chai, "Nataka kumwona yule mzee."

Nilidhani anataka turudie filamu. Hapana. Alitaka kupasuliwa. Nilikuwa nimembembeleza miaka miwili, daktari alikuwa amemweleza mara tatu, kanisa lilikuwa limemwombea, na yote hayakumsogeza. Mzee mmoja mwenye fimbo, aliyetembea mchangani bila kusema neno, ndiye aliyemsogeza.

Hospitalini wakaanza na jicho moja. Asubuhi ya pili nesi alipotoa bendeji, mama alipepesa, akatazama ukuta, akatazama dirisha, kisha akanitazama mimi. Alinitazama mpaka nikasikia haya.

"Nilikuwa nakuona bado msichana," akasema. Akanyoosha kidole akagusa mvi zangu juu ya sikio. "Hizi zilikuja lini?"

Nilimjibu kwamba zilikuja moja moja. Tulicheka, kisha hatukucheka.

Nyumbani, jambo la kwanza aliloomba baada ya mukimo, viazi vilivyopondwa na mahindi, lilikuwa tamthilia ya jioni. Alipomwona mama wa kambo, alishangaa kwamba ni mwanamke mdogo, mwembamba, mwenye uso wa mtu anayeweza kukubebea mtoto njiani. "Basi ana kipawa," akasema. Yule kijana wa kupiga magoti, mama alimpa dakika mbili tu, kisha akamgeukia mpwa wake aliyekuja kumsalimia.

Filamu ya Mbeere alitaka tuitazame Jumapili, mchana, mapazia yamefungwa. Nilikuwa nikimwangalia yeye zaidi kuliko skrini. Hakulia, kama nilivyotarajia. Mzee alipofika mtoni, mama alisogeza kiti karibu kabisa.

"Sikujua kwamba ni pazuri hivi," akasema.

Mimi nilikuwa nimeona ukame tu. Nikatazama tena, na kweli udongo ulikuwa mwekundu kama pilipili iliyoiva, mchanga uling'aa, na kivuli cha mzee kilikuwa cha buluu. Rangi hizo zote zilikuwa pale mara ya kwanza.

Miezi miwili baadaye, jicho la pili lilipopona, alirudi Muthara. Alisema shamba lake la miraa linamngoja na sebule yangu inamnenepesha. Kaka yangu alimfungia televisheni ndogo ya sola, na sasa majirani huja kwake Jumapili, yeye akiwa ndiye mwenye kusema nani anasoma na nani anasema.

Wiki iliyopita alinipigia simu. Walikuwa wametazama filamu ya watu waliopanda chombo wakaenda mbali angani, na mmoja wao akageuka akachungulia dirishani.

"Aliona kitu cha mviringo," mama akasema. "Cha buluu, na mawingu juu yake. Kinaning'inia bila kushikwa. Ile ni nini?"

"Ni dunia, mama."

"Hii yetu?"

"Hii yetu. Filamu ni ya kuigiza, lakini watu wamewahi kufika huko wakaipiga picha. Ndivyo ilivyo."

Nilisikia kuku kwenye simu, na mtu akiita mtu mwingine kwa mbali.

"Na sisi tuko pale juu yake," akasema, "na miraa, na kila kitu."

"Na kila kitu."

"Ngoja nitoke nje kwanza nikaitazame," akaniambia, na akakata simu.